Fimbo za Chuma kwa Mchezaji wa Gofu Anayeendelea

Mazungumzo ya leo yanahusu jambo ambalo pengine wengi wenu mtaliona liko mbali na milango yetu ya Garissa, Wajir na Mandera, nalo ni namna ya kuchagua fimbo mpya za chuma za kuchezea gofu. Lakini maadamu wako miongoni mwetu walimu, makarani, matabibu, maofisa wa serikali na vijana wenyeji ambao mchezo huu umewaingia moyoni, wakawa wanapiga mipira baada ya sala ya alfajiri katika nyanja za wazi za udongo mwekundu kabla jua halijakuwa kali, kisha fursa ikipatikana wakapanda barabara ya Mwingi kwenda kucheza mashimo 18 juu ya nyasi za Thika au Nairobi, na maadamu watu hao kila wakutanapo huulizana swali hili moja, nimeona ni haki kulipa nafasi yake, tena bila haraka, kwani fedha inayotumika ni nyingi na majuto ya kukosea hudumu miaka.

Mwenye kuuliza si mwanafunzi wa jana. Ni mtu aliyekwisha kuvuka taabu za mwanzo, ambaye mpira wake aghalabu hupaa badala ya kukokota chini, ambaye handikapu yake imeteremka kutoka ishirini na kitu na sasa inakaribia 18 au 15, na ambaye fimbo zake za kwanza, alizoachiwa na rafiki aliyehamishwa au alizozipata kwa bei ya mtumba, zimeanza kumtia shaka asijue kama kosa ni la mkono wake au ni la chuma. Shaka hiyo ni ya halali. Hatari yake ni kwamba humpeleka mtu dukani akiwa amekwisha kuamua kununua, na huko hukutana na washauri wa namna mbili: wa kwanza humhimiza achukue fimbo za mabingwa, nyembamba na za kupendeza, kwa hoja kwamba atakua ndani yake, wa pili humpa fimbo pana na nene, akampigisha mipira mitatu, akamwonyesha jinsi namba saba yake mpya inavyoupeleka mpira mbali kuliko namba tano yake ya zamani. Rai yangu ni kwamba wote wawili wanampoteza, kwa sababu fimbo huchaguliwa kwa pigo alilo nalo mtu leo na kwa ardhi anayoikanyaga, wala haichaguliwi kwa pigo analolitamani.

Tutazame kwanza hizo fimbo nyembamba. Katika fimbo za mtindo wa kale, ambazo kichwa chake ni kipande kimoja cha chuma laini kilichofuliwa kwa moto na nyundo, uzito mwingi umekusanyika nyuma ya kitovu cha uso, hata mpira ukipigwa barabara pale pale katikati, mikono husikia utamu ambao aliyewahi kuuonja hausahau. Bali ukikosea kwa upana wa kidole tu, ukaupiga mpira upande wa ncha au upande wa kisigino, kichwa hujipinda mkononi na mpira hupungukiwa yadi nyingi na kwenda kusikokusudiwa. Bingwa hukosea hivyo mara chache. Mchezaji wa handikapu ya 18 hukosea hivyo karibu kila shimo, na kumwambia anunue fimbo isiyosamehe ili imfundishe ni kumtwika adhabu mtu ambaye bado hajui kosa lake liko wapi.

Aliyeleta faraja kubwa katika jambo hili alikuwa Karsten Solheim, mzaliwa wa Bergen katika Norwei mwaka 1911, aliyepelekwa Marekani angali mtoto mdogo, na ambaye kabla ya kuwa mhandisi alifanya kazi ya baba yake, nayo ilikuwa ushonaji wa viatu. Mwaka 1959 alianza kutengeneza fimbo za kusukumia mpira shimoni kwa jina la Ping, na baadaye akaigeukia fimbo ya chuma, akauhamisha uzito kutoka katikati ya kichwa na kuusambaza pembeni, upande wa ncha na upande wa kisigino, hata pigo la kando likawa halina hasara kubwa kama zamani. Kiwanda chake alikiweka Phoenix, Arizona, mji wa jangwa kama huu wetu wa Garissa. Lakini kwangu mimi fadhila yake iliyo kubwa zaidi ni kule kuona kwake, katika miaka ya 1970, kwamba fimbo nayo, mfano wa kiatu, sharti ipimwe kwa mwenye kuivaa, akatia nukta za rangi vichwani mwa fimbo ili kuonyesha mlalo wake, yaani pembe iliyopo kati ya mpini na ardhi: nyeusi kwa kipimo cha kawaida, na rangi nyingine kwa walio warefu au wafupi kuliko hicho.

Mlalo huu ndio jambo ambalo wanunuzi wetu hulipuuza kuliko yote, ilhali katika nchi hii ya watu warefu ndilo lenye uzito zaidi. Mtu mrefu wa miguu akishika fimbo ya kipimo cha kawaida, ncha ya kichwa huinama na kisigino huinuka, na mpira wa mchezaji wa mkono wa kulia hukimbilia kulia hata kama pigo lake lilikuwa safi. Naye akishaona hivyo mara nyingi, huanza kuusahihisha mwili wake, akazungusha viwiko na kugeuza mabega, akajenga ila mpya juu ya pigo lisilokuwa na ila. Mfupi aliyeshika fimbo iliyosimama mno hupata kinyume chake, mpira wake ukapotelea kushoto. Chuma laini cha kufua aghalabu huweza kukunjwa na fundi wa kilabu digrii moja au mbili katika mashine maalumu, kazi ya dakika chache, ilhali vyuma vingi vya kuyeyushwa na kumiminwa katika kalibu ni vigumu na huhitaji hadhari. Kwa hiyo mrefu au mfupi kupita kiasi aulize habari ya mlalo kabla ya kulipa.

Nirejee kwa mshauri wa pili, yule wa masafa. Zamani chuma namba saba kilikuwa na uso ulioinama digrii 35 hivi. Leo zipo namba saba za digrii 28, na nyingine chini ya hapo. Hiyo digrii 28 ndiyo iliyokuwa ya namba tano, au karibu yake, kwa hiyo mteja anayeshangilia kwamba namba saba yake mpya imeipita namba tano ya zamani ameshangilia tarakimu iliyochongwa chini ya kichwa. Si haki kusema kuwa hakuna faida yoyote, maana vichwa vya siku hizi, kwa jinsi uzito ulivyoteremshwa chini, huweza kuupandisha mpira juu hata kwa uso ulionyooka namna hiyo. Lakini mwenye pigo la polepole mpira wake huruka chini, hutua bila mzunguko wa kutosha, na ukifika penye kijani kigumu cha miezi ya ukame hupita ukaenda nyuma. Tena fimbo ya mwisho katika seti, ile fupi ambayo zamani ilikuwa na digrii 48 hivi, sasa imekuwa na digrii 43 au 44, na baina yake na fimbo ya mchangani ya digrii 56 limebaki pengo pana, pale pale kwenye masafa ya yadi mia moja na chini ya hapo ambako mchezaji wa daraja hili hupoteza au huokoa mapigo yake mengi. Mnunuzi atalazimika kununua fimbo ya ziada ya kuziba pengo, na sheria humruhusu kubeba fimbo 14 tu mkobani. Basi ukiwa dukani uliza digrii. Muuzaji asiyejua digrii za fimbo anazouza hakustahili kuzipokea fedha zako.

Na hapa kuna jambo linalotuhusu sisi hasa, watu wa nchi ya chini. Mji wa Garissa uko mita 150 tu au zaidi kidogo juu ya usawa wa bahari, na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600. Hewa ya juu ni nyepesi, haiuzuii mpira kama hewa nzito ya chini, hata pigo lile lile, la fimbo ile ile na mkono ule ule, ambalo hapa kwetu lingeuchukua mpira yadi 150, huko Nairobi huuchukua yadi 160 hivi, na hiyo ni tofauti ya fimbo moja kamili. Joto letu hupunguza tofauti hiyo kidogo, kwa kuwa hewa ya moto nayo ni nyepesi kuliko ya baridi, ila haliiondoi. Nimewaona watu wakijaribu fimbo mpya huko mjini, wakavutiwa na masafa, wakalipa, na waliporudi Tana wakadhani wametapeliwa, kumbe waliyemshukuru Nairobi na waliyemlaumu Garissa alikuwa hewa. Anayetaka kulinganisha kwa insafu na achukue fimbo yake ya zamani aende nayo, azipige zote mbili mahali pamoja, saa moja, kwa mpira wa aina moja, na azitazame zinavyopitana.

Ardhi nayo ina hukumu yake. Nyasi za kikuyu za bara huuinua mpira ukakaa juu, na fimbo hupita chini yake bila taabu. Udongo wetu, mvua za Gu na Deyr zikishapita na jua la Jilaal likaukausha, huwa mgumu kiasi kwamba mpira hulala wazi juu yake bila kitu chochote chini. Fimbo yenye unyayo mpana na kitako kilichotokeza, ikigonga kabla ya mpira, hudunda juu ya ardhi namna hiyo, na ukingo wake wa mbele huukata mpira tumboni ukaenda chini chini kwa kasi hadi kwenye miti ya mathenge. Lakini unyayo mwembamba wenye ukingo mkali, ambao hapa ungefaa, ukifika Thika baada ya mvua huchimba na kuzama. Kwa anayecheza kotekote, kama wachezavyo wengi wetu, unyayo unaofaa ni wa upana wa wastani ambao ukingo wake wa mbele umeviringwa kidogo na ukingo wa nyuma umepunguzwa; na jambo hili macho hayaoni dukani mpaka uigeuze fimbo juu chini na kuitazama kwa utulivu.

Ndugu zetu wa Ghuba wameyajua haya kabla yetu. Kabla ya Emirates Golf Club kufunguliwa Dubai mwaka 1988 na kuleta uwanja mzima wa nyasi, wachezaji wa huko na wa Muscat walizoea kucheza mchangani, kila mmoja amechukua kipande cha zulia la nyasi za bandia anachokitandika chini ya mpira kabla ya kuupiga, na pale penye shimo mchanga ulichanganywa na mafuta ukashindiliwa mpaka ukawa imara. Zulia kama hilo ni dogo, ni rahisi, na lingeokoa fimbo nyingi za Garissa, kwa maana changarawe hukwaruza uso, husaga mifereji inayoupa mpira mzunguko, na kila pigo la mawe hupanda hadi kifundo cha mkono. Lina kasoro moja. Zulia huficha pigo lililogusa ardhi mapema, kwa sababu unyayo huteleza juu yake na mpira ukaondoka vizuri, na mtu akajisifu kwa pigo ambalo juu ya udongo lingekuwa aibu. Kwa hiyo jaribu fimbo juu ya zulia, kisha mapigo machache uyapige udongoni penye mchanga laini usio na mawe, ujue ukweli.

Juu ya mipini sitarefusha. Mipini ya chuma ina uzito wa gramu 90 hivi hadi 130, na ile ya nyuzi za kaboni aghalabu haifiki gramu 85. Kijana mwenye nguvu na haraka ya mkono mpini mwepesi humpotezea mwelekeo, na mtu wa makamo aliyeshika mpini mzito wa mabingwa huchoka kufikia shimo la kumi na mbili, pigo lake likalegea bila yeye kujua. Aliye baina ya hao wawili achague mpini wa chuma mwepesi. Lililo mahususi kwetu ni joto. Kichwa cha fimbo hushikizwa kwenye mpini kwa gundi, na gundi hiyo, ikiachwa siku baada ya siku ndani ya buti ya gari lililoegeshwa juani, hudhoofika. Mpira wa kushikia nao hukakamaa na kuwa mtelezo, hasa ukichanganyika na jasho. Fimbo zikae nyumbani kivulini, mishiko ioshwe kwa maji ya sabuni, na mnunuzi wa Garissa achague mshiko uliochanganywa na nyuzi za pamba, unaoshika hata mkono ukiwa umelowa.

Sasa kujaribu kwenyewe. Chukua chaki ya ubao, uisugue usoni mwa fimbo mpaka iwe nyeupe, upige mpira mmoja, utazame: pale mpira ulipogusa pataacha alama ya mviringo isiyokuwa na chaki, nawe utajua, bila kumuuliza mtu, kama unapiga kitovuni, nchani au kisiginoni. Piga kumi namna hiyo, ukifuta na kupaka upya kila mara. Kisha bandika utepe wa gundi chini ya unyayo, upige juu ya kipande cha ubao, uone mkwaruzo uko wapi katika utepe; ukiwa upande wa ncha mlalo umelala mno kwako, ukiwa upande wa kisigino umesimama mno, ukiwa katikati wakufaa. Na katika kupima masafa, sisi tunayo neema ambayo watu wa nyasi hawana, kwani kila mpira utuapo katika udongo wetu mkavu huinua vumbi, wingu dogo jekundu linaloonekana waziwazi hata kwa umbali wa yadi 170. Hapo penye vumbi ndipo mpira ulipofika kwa nguvu ya fimbo. Mbio zote za baada ya hapo ni za ardhi. Mtume mwenzako asimame kando kwa usalama, aweke jiwe penye kila vumbi, kisha muyatazame yale mawe kumi yamekaaje. Usilitazame lile la mbali kuliko yote, ambalo ndilo muuzaji atakalokuonyesha. Fimbo iliyoyakusanya mawe mahali pamoja, hata kama yadi zake ni chache, hiyo ndiyo yako.

Anayenunua zilizotumika hakosei, kwa kuwa chuma hakizeeki haraka na fimbo ya miaka kumi iliyotunzwa bado ni fimbo kamili. Atazame tu mifereji kama haijasagika, avute vichwa kama havitikisiki, na ahakikishe kuwa fimbo zote ni za seti moja. Awe na hadhari na fimbo mpya zenye jina kubwa na bei ndogo isiyoelezeka, maana za kughushi ni nyingi, na herufi zilizochongwa kombokombo au rangi iliyomwagika nje ya mfereji wake ni ithibati ya kutosha ya kuziacha. Tena hana haja ya kununua zote kwa mkupuo. Namba tatu na namba nne ni ngumu kwa mchezaji wa daraja hili, na badala yake fimbo yenye kichwa cha mviringo na unyayo mpana itamfaa zaidi. Akianza na namba sita, nane, fimbo fupi ya mwisho na ya mchangani, akajifunza kupiga masafa mbalimbali kwa kila moja, atakuwa amehifadhi fedha ya kumlipa mwalimu wa mchezo kwa masomo machache. Masomo hayo, kwa maoni yangu, yatangulie fimbo.

Limebaki moja ambalo naliomba kwenu. Seve Ballesteros, Mhispania aliyeshinda mashindano ya Kenya Open jijini Nairobi mwaka 1978, na mwaka uliofuata akautwaa ubingwa wa The Open huko Uingereza, alijifunza mchezo huu utotoni katika pwani ya kijiji cha Pedreña, akipiga mchangani kwa fimbo moja tu ya chuma, namba tatu. Sisi mchanga tunao. Basi kila atakayenunua fimbo mpya mwaka huu, zile za zamani asizitie chini ya kitanda wala asimuuzie mnunuzi wa vyuma chakavu. Azigawe moja moja kwa vijana wanaosimama kandokando alfajiri wakimtazama akipiga, ampelekee fundi wa vyuma sokoni aikate mipini kwa urefu wa mtoto, afunge mishiko upya, na awaonyeshe namna ya kushika. Na mwalimu wa michezo yeyote katika shule zetu atakayekuwa radhi kuwapa vijana hao kona ya uwanja kwa saa moja kabla ya kengele, atakuwa ametenda jambo kubwa kwa gharama ndogo sana.